Huku Kwetu Hatukomplein

Mwita mwanangu, mura wangu,

Salamu siandiki. Mtu anaandikiwa salamu akiwa mbali, na wewe bado upo hapa, nakusikia huko nyuma ya zizi unacheka na wenzako waliokuja kukuaga. Ukishafika huko Arabuni ndiyo nitaanza kukusalimia. Leo niache nikuchokoze kidogo, halafu niseme jambo moja ambalo mdomo wangu, pamoja na ukubwa wake wote, umeshindwa kulisema.

Mwandiko utauvumilia. Unajua mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ng'ombe. Herufi nilipewa ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, mle kwenye ghala la pamba, na mwalimu alisema kati ya wazee wote wa Kenyamonta mimi peke yangu ndiye niliyeshika kalamu kama kalamu, wengine waliishika kama mpini wa jembe. Hakuna anayekumbuka hayo isipokuwa mimi. Wenzangu wote wa darasa lile wamekufa, kwa hiyo ni kweli.

Mambo ya kufua, ya kula, ya kuficha pesa kwenye soksi, mkeo Boke ameshakwambia, na ameyarudia mpaka mbuzi wanayajua. Mimi hayo nayapita. Nataka tuongee juu ya lile neno la ajenti anayewapeleka Arabuni. Komplein.

Siku ile pale kwenye mnada wa ng'ombe wewe ulikaa nyuma na vijana, hukumwona yule bwana usoni kama nilivyomwona mimi. Alikuja kutoka Sirari na gari lake jeupe, shati limenyooshwa mpaka unaogopa kumgusa, na Kiswahili chake cha upande wa pili wa mpaka. Akasema, "Wazee wangu, kazi iko Arabuni, ya kulinda na ya kujenga. Ningeweza kuchukua vijana mahali popote. Lakini nimekuja huku, na mnajua ni kwa nini? Juu watu wa huku hawakomplein."

Tukaangaliana. Mzee mmoja akauliza hicho kitu ni nini, kinaliwa?

Ajenti akacheka. "Ile tabia ya kulialia, mzee. Leo chakula ni mbaya, kesho jua ni kali, keshokutwa bosi amenitukana. Mtu wa hivyo simtaki. Huko ni kazi tu. Huyu Chacha wenu nilimpeleka, ama sikumpeleka? Ulizeni kama amewahi komplein hata siku moja."

Baba yake Chacha, jirani yetu Nyamhanga, alikuwa amekaa mbele yangu. Niliona shingo yake inanenepa kwa sifa. Na wewe unanijua, mimi siwezi kukaa mahali ambapo shingo ya mtu mwingine inanenepa halafu yangu imebaki vilevile. Nikasimama.

Nikamwambia ajenti, bwana mgeni, hapo umesema kidogo. Nikampa ile ya siafu. Jinsi wezi wa ng'ombe walivyonikuta machungani mimi na marehemu Matiko, tukajitupa kwenye nyasi, kumbe mimi nimelala juu ya njia ya siafu. Wezi wanapita karibu, nikihema tu ni panga. Siafu wakaingia kwenye mguu wa suruali, wakapanda, wakafika mahali ambapo sipaandiki kwa sababu barua hii mkeo anaweza kuisoma. Sikutikisika. Waliuma mpaka wakachoka, mkubwa wao akawaambia, ndugu zangu, hili ni jiwe, twendeni.

Mnada wote ukacheka. Ajenti akacheka mpaka akafuta macho. Nami nikaona kwamba ng'ombe wangu ameanza kupendwa, nikaongeza bei. Nikampa ya mkono wako.

Hiyo wewe huikumbuki vizuri, ulikuwa mdogo. Uliiba baiskeli yangu, ukaiendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, ukaanguka nayo kule kwenye mteremko wa mtoni. Hukusema. Jioni tumekaa kula, nakuona unamega ugali kwa mkono wa kushoto. Nikakukemea. "Mkono gani huo? Nani kakufundisha ushenzi wa namna hiyo?" Ukasema, "Samahani, tata." Ukaacha kula, ukakaa tu. Mama yako ndiye aliyekushika ule mkono wa kulia akakuta umepinda. Mfupa umevunjika, na wewe unaniomba samahani kwa mkono mzima.

Hiyo hadithi nilitembea nayo kwenye vilabu vyote vya pombe, nikaivusha mpaka Issenye. Nimenunuliwa mitungi mingi kwa mkono wako. Na siku ile ajenti alipoisikia alifungua daftari lake, akaniuliza, "Na huyo kijana yuko?" Nikasema, "Yule pale, mwenye kofia." Jina lako likaandikwa la kwanza kabisa, kabla hata hujafungua mdomo kusema unataka au hutaki.

Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara, bodaboda wananikwepa. Nilikunadi, mura. Pale pale tunaponadia ng'ombe, nikasifia meno na kwato, na mnunuzi akanipa mkono.

Sasa usifikiri kwamba nakuandikia ili unionee huruma. Mimi bado ni mtu mkubwa hapa kijijini na nitaendelea kuwa. Ila kuna vitu ambavyo mtu anavijua akiwa amechelewa, na mimi nilichelewa kidogo kuliko wengine kwa sababu nilikuwa naongea.

Wiki ile ile alikuja binamu yako Wambura, yule mwalimu wa Issenye, mtoto wa dada yangu. Nikamkalisha, nikampa maziwa, nikamwambia, mpwa wangu, wewe umekula pesa nyingi za watu kwa kusoma, nieleze hilo neno.

"Mjomba, komplein ni kulalamika."

"Kulalamika kupi? Sisi tunako kwingi. Kuna kunung'unika, kama shangazi zako wakikoroga uji usio na sukari. Kuna kudeka. Kuna kushtaki, mtu anasimama mbele ya wazee anasema fulani amelisha ng'ombe shambani kwangu. Kuna kuomba msaada. Kuna kulia. Hilo la ajenti ni lipi?"

"Yote, mjomba."

"Yote kwenye gunia moja?"

"Gunia moja. Anayenung'unikia uji na anayedai shamba lake, wote kwa Kiingereza wanakomplein. Hata hospitali. Mgonjwa akisema kichwa kinauma, daktari anaandika kwamba anakomplein kichwa."

"Na huyo daktari anakasirika?"

"Akasirike kwa nini? Si ndiyo anachotaka? Asipokomplein atamtibu nini?"

Nikainamisha kichwa. Wambura akadhani nimesinzia, akamaliza maziwa yake taratibu akaanza kutafuta kofia.

Nilikuwa nimekumbuka siku niliyokwenda zahanati na mama yako. Siyo wiki hiyo. Ni nyuma kidogo, kabla ajenti hajafika huku.

Wewe ulikuwa kwenye vibarua Nyangoto, unachimba dhahabu, na hatukukuambia habari yoyote kwa sababu nyumba yetu ndivyo ilivyo. Mama yako alikuwa anashika ubavu. Anateka maji, anashika ubavu. Anapepeta ulezi, anashika ubavu. Hakusema, na mimi sikuuliza, nilikuwa namwangalia kwa fahari. Mwishowe dada yangu akaja akanigombeza, ndipo nikampakia kwenye bodaboda. Daktari alikuwa kijana mpole. Akamwuliza, "Mama, unalalamika nini?"

Nikajibu mimi. Nikasema, "Daktari, huyu mwanamke halalamiki. Tangu nimuoe, hata akijifungua, majirani wanasikia mtoto tu, mama hawamsikii."

Daktari akacheka. Mama yako naye akacheka kidogo, akatazama chini, mkono upo pale pale ubavuni juu ya kanga. Niliyaona maneno, mura. Yalikuwa yameshafika mdomoni, bado kutoka. Nikayafungia mlango kwa kumsifu. Daktari akaandika vidonge vya maumivu, tukarudi. Njiani nikamnunulia soda, naye akainywa nusu, akasema imetosha.

Mvua za vuli hazikumkuta hai. Na siku ya mazishi, wewe ulikuwa umeshafika, ulinisikia. Nilisimama pale mbele ya watu nikasema mama huyu hakuwahi kulalamika. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Hata mchungaji alitikisa. Tulimzika vizuri sana.

Ndiyo maana Wambura aliponipa maana ya lile neno niliinamisha kichwa. Nikaanza kulisikiliza jinsi watu wanavyolitumia. Maana siku hizi limeingia kila mahali, vijana wamelitoa Sirari pamoja na zile nyimbo. Na nimegundua jambo, wewe uniambie kama nadanganya. Sijawahi kusikia mtu akisema, "Mimi nakomplein." Hakuna. Ni "yule anakomplein." Ni "acha kukomplein." Anayeungua na uji anasema umeniunguza. Aliyeshika mwiko ndiye anayesema huyu anakomplein. Ni neno la mwenye mwiko, mura. Na siku ile pale mnadani mwenye mwiko alikuja akatuambia anapenda watu wasiosema wakiungua, na sisi, wazee wazima wenye ndevu, tukashindana kumwonyesha nani ana mtoto wa kuunguzwa vizuri zaidi.

Tabia hiyo tumeitoa wapi, unajua. Siku ya kutahiriwa, kisu kinapita, mji mzima umekutolea macho. Ukipepesa jicho umekwisha, watakuimba mpaka wajukuu zako. Mimi yangu nimekusimulia jinsi nilivyomtazama mwewe juu angani nikasahau kwamba kuna mtu hapo chini ananishughulikia. Mwewe alikuwepo kweli. Lakini nilikuwa nimeuma ulimi mpaka ukatoboka, nikawa nameza damu. Nilishindwa kula kitu cha moto muda mrefu, na nyumbani wakadhani ni maumivu ya kidonda. Na ule ni uvumilivu wa siku moja. Ulikuwa na mwisho wake, na mwisho wake kulikuwa na nyama na akina mama wanapiga vigelegele. Kosa letu sisi watu wa huku ni kwamba tuliteremka kutoka pale tukaendelea kusimama vilevile maisha yote. Mtu ana homa, amesimama. Mtu ameibiwa mpaka wa shamba, amesimama. Jicho halipepesi, na kigelegele hakiji.

Hata siafu. Ajenti sikumwambia, na wewe sijawahi kukuambia. Wale wezi walikuwa wameshapita zamani. Ningeweza kuinuka nikavua suruali nikakimbilia mtoni kama mtu mwenye akili. Nilibaki nimelala kwa sababu Matiko alikuwa kando yangu, ananitazama aone kama nitalia. Naye kumbe alikuwa amelalia mwiba, anasubiri mimi nilie kwanza ili apate ruhusa. Tukalala pale, wajinga wawili, mpaka jua likageuka.

Umecheka hapo. Vizuri. Sasa niende kwa Chacha.

Chacha alirudi wewe ukiwa umeshatia sahihi. Kila mtu alisema amerudi na pesa, kwa sababu alipoteremka kwenye gari alikuwa amenenepa. Hakuwa amenenepa. Alikuwa amevimba. Yule kijana aliyekuwa anaangusha fahali kwa pembe alivuka ua wa baba yake akishika ukuta. Mimi nilikwenda kumwona peke yangu, wewe ulikuwa umekwenda Tarime kwa ajili ya hati yako ya kusafiria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chacha, si tuliambiwa uko fiti?"

"Kila nilipopiga nilisema niko fiti."

"Na ulikuwa fiti?"

"Mzee, mlinisindikiza kwa nyimbo. Halafu nianze kupiga simu nasema jua kali?"

Akaniambia juu ya jua hilo. Wanajenga juu kabisa, chuma kimepata moto mpaka glovu inanuka, maji ya kunywa yako chini, na kuteremka kunywa ni kuonekana mvivu. Kwa hiyo hawanywi. Mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, ukawa rangi ya kola, na yeye anaendelea kupanda. Akaniambia kulikuwa na kijana mmoja wa nchi nyingine, mwembamba, mwoga mwoga, ambaye alipoona mkojo umebadilika siku ya kwanza tu alikwenda kwa msimamizi akapiga kelele. Akatukanwa, akakatwa mshahara. Akapiga kelele tena. Mwisho wakampeleka hospitali ili anyamaze, kisha wakamrudisha kwao.

"Sisi wa huku tulimcheka sana," Chacha akasema. "Tulimpa jina. Bibi harusi."

"Yuko wapi sasa huyo bibi harusi?"

"Nasikia kwao anaendesha bodaboda. Mzima tu."

Mama yake Chacha alikuwa amekaa mlangoni, anachambua maharage, hakuinua uso. Figo za Chacha zimekufa zote mbili. Sasa anapelekwa Mwanza kusafishwa damu, na kila safari ng'ombe mmoja anatoka kwenye zizi la Nyamhanga. Umelipita lile zizi juzi. Umeona jinsi nyasi zinavyoota ndani.

Nilimpigia yule ajenti. Vocha nilinunua mwenyewe, nikapanda mpaka kule kwenye mwamba kwenye mtandao mzuri. Nikamwambia habari za Chacha. Akasikitika, kwa kweli alisikitika, sauti yake ilishuka. Halafu akasema, "Lakini mzee, unajua shida ni nini? Huyo kijana hakukomplein. Angekomplein mapema tungejua."

Nilibaki nimeshika simu. Kisha mimi, Marwa, mwenye jibu la kila kitu tangu niote meno, nikakata simu.

Nikarudi nyumbani nikakutafuta. Ulikuwa unafunga waya kwenye banda la kuku. Na mimi, kwa vile sijui kuongea bila mzaha, nikaanza na mzaha. Nikakuambia Arabuni hakuna ugali, utakula mkate mpaka utaota manyoya. Ukacheka. Nikakuambia labda usubiri, labda uangalie shamba, labda Nyangoto kuna vibarua tena. Ukaniangalia ukasema, "Tata, mimi siyo Chacha." Na ukaongeza, bila ubaya, ukiwa bado umeuma waya mdomoni, "Si umemwambia ajenti mwenyewe? Mimi sikomplein."

Nikakushikia nyundo tu.

Nakujua kwa nini unakwenda. Kiangazi kile kilituachia mifupa zizini, kishamba kilichobaki hakiwalishi Boke na mtoto, na kule Nyangoto mlichimba mpaka mkawa mnachimbana wenyewe. Sina kitu cha kukuzuia nacho. Hati yako anayo ajenti. Na leo wazee wamekutemea pombe ya baraka kifuani, mtu akishatemewa ile harudi nyuma, akirudi nyuma atakuwa mtu gani. Mimi mwenyewe nilitema. Nilitema nyingi kuliko wote, wakasema Marwa anampenda mwanawe.

Kwa hiyo hii siyo barua ya kukuzuia. Nitaiweka kwenye begi lako chini ya nguo, chini kabisa, utaikuta huko.

Nilitaka kukuambia lalamika. Neno lenyewe ni hilo tu, nimezunguka nalo kama kuku mwenye yai. Ukiona mkojo umebadilika, piga kelele siku hiyo hiyo, usisubiri uhakika. Ukisikia kifua, sema kifua. Wakikuita bibi harusi, wewe itika, vaa na shela. Sikudanganyi kwamba watakusikiliza. Wanaweza kukukata mshahara, wanaweza kukurudisha mikono mitupu, na ukirudi hapa mikono mitupu kuna watu watakucheka, na wa kwanza kucheka zamani angekuwa mimi. Rudi hivyo hivyo. Rudi unacheka au unalia, lakini uwe unakojoa.

Na kama huko hakuna wa kumwambia, niambie mimi. Sitakuwa na la kufanya, tuelewane hapo. Mimi ndege sijawahi kuiona ikiwa chini. Nitapanda kwenye mwamba, nitasikiliza, nitasema pole, na simu itakata. Msaada wangu wote ni huo. Lakini mama yako hata huo hakuupata, na mimi nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi moja, magoti yetu yanagusana.

Sasa nikuambie ninachokiamini kweli. Hutasema. Nakujua, kwa sababu nilikutengeneza mimi, na nilikutengeneza vizuri, siku zote kazi zangu hazina kasoro. Jua litakuwakia, utakuwa juu ya chuma, utasikia ubavu unavuta, na utatafuta ndani yako kile kitu ambacho watu wengine wanacho, kile kinachofungua mdomo, na hutakikuta. Mahali pake utanikuta mimi nimekaa nakusifia. Fundo hilo nimelifunga miaka yote uliyoishi. Haliwezi kufunguka kwa karatasi ya mzee aliyesomea ghalani.

Lakini mtu hawezi kufanya kitu ambacho hajawahi kuonyeshwa. Wewe hujawahi kuniona mimi nikilalamika, wala mama yako, wala mtu yeyote wa ukoo huu. Basi ngoja nijaribu, uone kinavyofanywa. Nisamehe kama nitakosea, ni mara yangu ya kwanza.

Goti la kushoto linaniuma. Nikisimama kutoka kwenye kiti ninajifanya natafuta kitu chini, kumbe nasubiri liache. Jicho moja halioni tena, hii barua nimeiandika pua ikiwa kwenye karatasi. Ugali wa Boke una mabonge. Sipendi chai ya mchana peke yangu. Ile nyumba ya mama yako naiogopa, chumvi ikiisha huku siendi kuichukua kule, nakula bila chumvi. Wazee wenzangu wananichosha, hadithi zao ni za uongo na hawajui kuzisimulia. Nilikuwa mpumbavu pale mnadani. Nilikuwa mpumbavu pale zahanati na hakuna mtu aliyeniambia, wote walinitikisia kichwa.

Naogopa, mura. Nikiwaza lile jua usiku naamka kunywa maji. Mtoto wako ana miguu kama yako, atakapoanza kutembea hutakuwepo, na mimi huenda nisiwepo utakaporudi. Siyo sawa. Sijui nimlalamikie nani, lakini siyo sawa.

Sitaki uende.

Hilo ndilo. Ni fupi, na limenichukua uzee wote kulifikia, na nimelifikia mahali ambapo huwezi kulisikia.

Na kesho asubuhi utakuja mlangoni na begi lako, utasema, "Shikamoo, tata, umelalaje?" Na mimi nitakujibu nimelala vizuri sana, sina neno, nenda salama. Nitasema kwa sauti kubwa ili wenzako wasikie. Nimeshajaribu hapa nione kama naweza kusema vingine, nimeshindwa.

Kwa hiyo nawe ukinipigia ukasema uko fiti, nitajua kilichopo. Nitakaa pale juu ya mwamba na simu iliyokatika, nitajua.

Baba yako,
Marwa